Naomba ushauri: mama ana kisukari, nimchemshie mashina ya okidi?

Mtoto_wa_Pili: Wakuu, habari za jioni. Mama yangu ana kisukari, mwaka wa sita sasa, na anameza metfomini na glibenklamaidi. Ndugu yetu aliyetoka safari katuletea mkebe wa vijiti vikavu vya manjano, vimejisokota kama springi. Nilitafuna kimoja, kikatoa utelezi mzito na uchungu kwa mbali. Anasema ni mashina ya okidi, ule mmea wa maua, aina iitwayo Dendrobium, dawa ya Wachina tangu zamani. Nimesoma kwamba inashusha sukari, hata kuua seli za saratani. Mama anataka tuanze leo leo. Nimchemshie?

Mkemia_Mimea: Pole kwa kuuguza, ndugu. Usichemshe kwanza. Dendrobium ina spishi zaidi ya 1,000, na kemia yake inatofautiana. *Dendrobium nobile* ina dendrobini, ambayo ni alkaloidi, yaani kemikali ya mimea yenye nitrojeni. *Dendrobium officinale* inasifika zaidi kwa polisakaridi, yaani minyororo mirefu ya sukari. Zikishakaushwa na kusokotwa hivyo, hata wataalamu huhangaika kuzitambua kwa macho, ndiyo maana hupimwa DNA. Huo mkebe una ipi?

Halafu kuna jambo ambalo watu hulipita. Gigantoli na moskatilini, zile kemikali za Dendrobium zinazotajwa kwenye habari za saratani, haziyeyuki vizuri kwenye maji. Maabara huzitoa kwa alkoholi kama methanoli au ethanoli, huzisafisha, kisha huzijaribu kwenye seli zilizooteshwa kwenye kisahani. Sufuria yako itatoa hasa polisakaridi, yaani ule utelezi ulioonja. Ulichosoma na utakachomnywesha mama ni vitu viwili tofauti.

Muuguzi_Zamu: Mimi naogopa hiyo glibenklamaidi. Inalichochea kongosho litoe insulini hata kama mgonjwa hajala. Ukiongeza kitu kingine cha kushusha sukari bila kujua nguvu yake, mama anaweza kutokwa jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzimia. Ikimkuta usingizini, nani atajua? Na figo zikiwa dhaifu, dawa hukawia kutoka mwilini. Zake zilipimwa lini?

Mzizi_Mkavu: Samahani, mnawakatisha watu tamaa. Hiyo metfomini yenyewe asili yake si mmea?

Mkemia_Mimea: Kweli kabisa kaka, na nafurahi umeitaja. Mmea ni *Galega officinalis*. Kiini chake, galegini, kilishusha sukari kweli, ila kilikuwa na sumu mno. Wanakemia wakatengeneza vitu vya jamii yake, na mwaka 1957 daktari Jean Sterne wa Ufaransa akachapisha matokeo ya metfomini kwa wagonjwa. Okidi hii naitakia safari hiyohiyo. Polisakaridi zake zimeshusha sukari kwa panya wenye kisukari, na mimi natamani sana zifike mbali. Lakini panya wale walipewa kipimo kinachojulikana, cha kitu kilichosafishwa.

Tena jamii nzima ya okidi imo kwenye orodha za CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya wanyama na mimea ya porini. Muulize ndugu yako kama mkebe ulivuka mpaka na kibali; nyingine hung'olewa porini mpaka zinakwisha.

Mtoto_wa_Pili: Asanteni sana. Figo hazijapimwa tangu mwaka juzi, hapo mmenishtua. Nimeongea na mama, kanuna kidogo, ila kakubali kusubiri. Kameza dawa zake za jioni kama kawaida. Mkebe nimeuweka juu ya kabati. Jumatatu naenda nao kliniki, na figo zitapimwa hukohuko.

Muuguzi_Zamu: Beba na pakiti za dawa zake zote, dada. Na mwambie daktari kwamba wewe umeshakionja.