Kampuni ya kuchapa kadi imenisafishia picha ambazo hakuna aliyeomba zisafishwe

Ndugu wanajukwaa, naomba mnivumilie kwa urefu wa uzi huu. Nimeiandikia kampuni inayohusika barua pepe nne, nimejibiwa kwa lugha ya upole isiyosema kitu, na sasa sina pengine pa kuipeleka hasira yangu. Jina la kampuni sitalitaja, kwa kuwa madai yangu ya kurudishiwa fedha bado yako mikononi mwao.

Kaka yangu anatimiza miaka 50 mwezi ujao. Katika miaka ya 90 alikuwa akicheza kikapu Upanga, Dar es Salaam, na usiku alikuwa akibeba spika za kundi la marafiki zake waliokuwa wakirap kwa Kiingereza cha kukariri kabla hawajathubutu kurap kwa Kiswahili. Walikuwa watu wale wale: aliyedaka ribaundi saa kumi jioni ndiye aliyeshika maikrofoni saa mbili usiku. Kwa hiyo niliamua kumtengenezea seti ya kadi 24, yaani 12 za wachezaji na 12 za kundi, kwa mfano wa kadi za Kimarekani za kukusanya, zenye picha ya mchezaji mbele na takwimu zake nyuma, ambazo wakati ule alizitazama kwa wivu mikononi mwa watoto wenye ndugu ng'ambo.

Upande wa kikapu nilifuata seti ya kampuni ya Kimarekani ya Fleer, ya msimu wa 1986–87, ile ya kadi 132 ambayo namba 57 ni Michael Jordan, yenye fremu ya nyekundu, nyeupe na buluu. Upande wa muziki nilifuata kadi za Yo! MTV Raps, kipindi cha rap cha televisheni ya MTV, zilizotolewa na kampuni ya Pro Set mwaka 1991, ambazo ziliwachukua marapa na kuwaweka katika umbo la wachezaji, picha mbele na maelezo nyuma, kana kwamba kurap nako kuna ligi na msimamo. Nembo za kampuni hizo sikuzigusa. Nilichora ya kwangu. Kazi ilinichukua miezi mitatu ya kukesha baada ya kutoka kibaruani. Faili niliziandaa kama mchapaji mwenyewe alivyoagiza: inchi 2.5 kwa 3.5, nukta 300 kwa inchi, milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kisu, na rangi katika mfumo wa wino nne badala ya ule wa kioo cha kompyuta.

Sasa tuje kwenye picha, maana hapo ndipo pananiuma. Zilipigwa kwa kamera ndogo za filamu, zile zinazoandika tarehe kwa tarakimu za rangi ya chungwa kwenye kona ya chini. Katika kadi ya kaka, ameruka kuelekea golini, nyuma yake kuna ukuta uliobanduka rangi, na kwenye kona imeandikwa '94 8 14. Tarakimu hizo niliziacha kwa makusudi. Chenga za picha, yaani vile vitone vya filamu, niliziacha kwa makusudi pia, na kwenye fremu niliusogeza wino mwekundu kidogo ili ukae pembeni ya mstari wake, kama ulivyokuwa ukikaa katika uchapaji wa zamani. Mtu aliyezishika kadi za enzi hizo anajua kwamba ukiondoa dosari hizo unabaki na kitambulisho cha kazini.

Na kitambulisho cha kazini ndicho nilicholetewa. Programu yao ya kurekebisha picha imefuta tarakimu na kujaza mahali pake kipande cha ukuta ambacho hakikuwahi kujengwa. Chenga zote zimelainishwa. Kaka, ambaye siku ile alikuwa ametota jasho na ana kovu bichi juu ya jicho la kushoto, anang'aa kama mtu wa kwenye tangazo la sabuni, na kovu halipo. Kovu lile lina kisa chake, ambacho husimuliwa upya kila tunapokutana nyumbani, na kila mwaka aliyemsukuma huzidi kurefuka. Sasa kadi inasema halikuwahi kutokea.

Mgongo wa kadi niliagiza uwe karatasi kavu ya kijivu, isiyopakwa chochote, kwa sababu kadi nyingi za kabla ya kampuni ya Upper Deck kuingia sokoni mwaka 1989 na karatasi yake nyeupe na hologramu zilikuwa na migongo ya namna hiyo, na kwa sababu nyingine iliyo muhimu zaidi: wenzake 11 walio hai nilipanga wasaini migongo hiyo kwa peni ya kawaida. Kampuni imepaka vanishi ya kung'aa pande zote mbili na kuniandikia kwamba hiyo ni huduma bora niliyoongezewa bila malipo. Nimejaribu peni tatu. Wino unateleza, unajikusanya matone, na ukiupitishia kidole unaondoka wote.

Juu ya hayo, kuanzia kadi ya 13 migongo imepishana kwa nafasi moja. DJ wa kundi, mtu mfupi ambaye sijawahi kumwona akikimbia, ameandikiwa ribaundi 14 katika mechi moja.

Kisha kuna mkato. Nimechukua rula na kupima: fremu ya kushoto ina milimita 1.5, ya kulia ina 4.5, na hali hiyo iko katika kadi 17 kati ya 24. Nilipowatumia picha zenye rula ndani yake, mhudumu wao alinijibu kwamba kadi za mwaka 1986 nazo mara nyingi zilikatwa upande, hivyo mkato huu unaendana na mtindo nilioutaka. Nilisoma jibu hilo mara mbili nikiwa nimesimama. Ni kweli kwamba kadi nyingi za seti ile zilitoka zimekaa upande, na ndiyo sababu iliyokaa katikati inauzwa ghali kuliko nyingine. Lakini ikiwa wanaiheshimu dosari ya zamani kiasi hicho, tarehe ya kaka yangu walimfutia nani? Dosari niliyoichagua wameiondoa, na iliyotoka kwenye mashine yao wanataka niipokee kama sanaa.

Nakiri jambo moja kwa haki. Katika ukurasa wa malipo, chini kabisa ya anwani ya kupelekea mzigo, kulikuwa na kisanduku chenye alama iliyokwisha kuwekwa, kikisema picha zitaboreshwa, na mimi sikukiona. Hata hivyo, nakala ya majaribio waliyonitumia niidhinishe ilikuwa na tarakimu zake, chenga zake na kovu lake. Niliidhinisha kitu kimoja wakachapa kingine, na kisanduku hakiwezi kuwaokoa hapo.

Nililipa dola 214 pamoja na usafiri mpaka hapa Maryland. Wamenipa ahadi ya kunipunguzia asilimia 15 katika oda ijayo, jambo lililonifanya nijiulize wanadhani kaka yangu ana miaka 50 mingapi. Ninachodai ni uchapaji mpya kwa faili zile zile bila kuguswa, au fedha zangu zote.

Mwenye kumfahamu mchapaji anayechapa faili kama alivyopewa, na anayekubali karatasi isiyopakwa kitu mgongoni, awe hapa Marekani au Dar es Salaam, naomba aniandikie hapa chini pamoja na bei. Sherehe ni Jumamosi ya tatu ya mwezi ujao, na saini 11 bado sijaanza kuzikusanya.