Injini ya Stirling: moto wote unapotelea wapi?

karis_jenereta: Wasee habari, niko na karakana ndogo hapa Kariobangi Light Industries na kuna mwenye bekari ananisumbua anataka Stirling (ile injini gesi imefungiwa ndani, moto unawashwa nje) imzungushie jenereta, ameona kwa simu ati inakubali moto wowote, kuni, maganda ya kahawa, chochote. Nimeunda kamoja ka majaribio kanazunguka poa lakini kanakula kuni balaa na nguvu ni ya kusukuma feni tu. Tatizo ni nini? Na mbona hizi hazikuingia kwa magari?

fundi_wa_grogan: Boss uliweka rejenereta, ile nyavu ya waya ya kushika joto, ama gesi inapita tu kwa paipu tupu? Huyo mchungaji wa Scotland, Robert Stirling, hiyo ndio ilikuwa roho ya patenti yake ya 1816, gesi inaacha joto kwa waya ikienda upande wa baridi na inalichukua tena ikirudi. Tumia waya laini wa stenles, lakini usiukaze sana juu nguvu yote itaishia kusukuma gesi ipenye. Halafu huo moshi wako, kama kichwa (upande unaochomwa) kiko digrii 600 basi moshi unatoka ukiwa juu ya hapo, unapasha joto Kariobangi nzima bure!! Zungusha hewa inayoingia kwa jiko kando ya bomba la moshi ipate moto kwanza.

thermo_eastlando: Za magari walijaribu bana. NASA walikuwa na mradi kuanzia 1978, zikawekwa kwa gari kabisa, na injini yao ya Mod II ilifika kugeuza karibu asilimia 38 ya nishati ya mafuta kuwa nguvu. Shida ni ukiwasha lazima ungoje kichwa kishike moto, ukikanyaga haijibu haraka, radieta nayo kubwa, na haidrojeni, ile gesi ya ndani, inavuja hadi kupenya chuma. Sasa hiyo kwa jam ya Jogoo Road? Inataka kazi ya mwendo mmoja, ndio maana Sweden waliiweka kwa nyambizi.

karis_jenereta: Rejenereta sina 😅 Na maji ya kupoza yanafika kama digrii 90, hiyo ni mbaya?

thermo_eastlando: Mbaya sana. Tuseme upande wa moto ni 400, na maji ya 90 mwisho wako kwa karatasi ni asilimia 46 ya joto kugeuka nguvu, yakiwa 50 unapata 52, na injini nzuri hupata kama nusu ya hapo. Ongeza maji, yakitoka vuguvugu jamaa akandie unga. Kwani huyo huoka saa ngapi? Kama ni usiku peke yake, mchana utachoma kuni za nini?