Ukoo wa Malinyi: dawa za Bibi

Shangazi Tatu: Wanangu, vidonge vya presha vya bibi yenu vinaisha kesho jioni. Jafari, boksi nililotuma kwa basi la jana umelipokea baba?

Jafari: Shikamoo shangazi. Ninalo. Ila basi la Malinyi halijatoka Ifakara, kuna lori limekwama mbele ya Lupiro. Naenda na pikipiki.

Rehema: Na mvua hizi za Aprili?? 😳

Mjomba Athumani: Mimi sijaamkiwa ila nitasaidia hivyohivyo. Jafari, fungua madigadi ya mbele uiache nyumbani. Tope jeusi likishajaa pale kati, gurudumu halizunguki, utashinda na kijiti unachokonoa.

Jafari: Shikamoo mjomba 🙏 Si litanirukia usoni?

Mjomba Athumani: Marahaba. Uso unaoshwa.

Mjomba Athumani: Dawa funga mifuko miwili, weka kifuani ndani ya koti, siyo kwenye keria. Ukikuta maji shuka uyapime kwa miguu. Ukiingia, gia ya kwanza, mafuta usiachie mpaka utoke. Ikizimia majini usipige kiki! Isukume nje, fungua plagi, piga kiki maji yatoke, ndipo uirudishe.

Shangazi Tatu: Athumani unamtisha mtoto.

Mjomba Athumani: Mnaona daraja mnadhani barabara imeisha. Zamani tulilala kivukoni tukisubiri kuvuka Kilombero. Tangu Magufuli alizindue 2018 unapita mita 384 za zege kwa raha zako, halafu huko mbele tope ni lilelile.

Rehema: Jafari ukipita Mtimbira uliza bei ya mchele

Shangazi Tatu: Rehema!

Jafari: Nimepita Lupiro, nipo kwenye lori. Vijana wamefungua njia pembeni, ndani ya jaruba la mtu. Pikipiki buku.

Jafari: 📷 Picha

Rehema: Hiyo pikipiki au kichuguu 😂

Mjomba Athumani: Lipa hiyo buku. Usifuate mfereji wa tairi za lori, utaninginia kwenye injini. Na hiyo madigadi naiona!

Jafari: Naifungua sasa hivi, nimeazima spana

Shangazi Tatu: Saa kumi na mbili hii. Umefika?

Jafari: Mtimbira. Mvua imeanza tena.

Shangazi Tatu: Jikaze baba, si mbali.

Mjomba Athumani: Hapana dada. Usiku maji huyaoni kina, unaona yanang'aa tu. Bibi ana vidonge mpaka kesho jioni. Alale kwa mama mkubwa.

Shangazi Tatu: Haya. Mpe simu mama mkubwa nimsalimie.

Jafari: Asalaam aleikum. Nimefika, saa tatu hii asubuhi. Bibi kanywa dawa. Anauliza kwa nini sikuleta sukari.

Rehema: 😂😂 Alhamdulillah

Mjomba Athumani: Vizuri. Kabla hujarudi kagua breki za nyuma, tope linazila. Na cheni.

Jafari: Cheni imelegea kweli. Fundi wa hapa anataka elfu tatu na kuosha.

Shangazi Tatu: Natuma. Namba ni ileile?