Tupeane uzoefu: Ulikuwa wapi enzi za Coe, Ovett, Cram na wale wachunga kondoo wa milima ya Uingereza?

Baharia wa Tyne (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu si wa kubishana nani ana medali nyingi. Nataka mtu aseme alichokiona kwa macho, alichokisikia redioni au alichosimuliwa na mzee wake kuhusu ile miaka Waingereza walipokuwa wanakimbia kama wamechokoza nyuki. Kwa hesabu yangu ni kuanzia Brendan Foster 1974 mpaka Steve Cram 1985. Mwenye hesabu nyingine alete.

Naanza mimi. Nilifika South Shields mwaka 1979 kusomea injini za meli, kijana wa Tanga ambaye baridi kali niliyokuwa naijua ni ya Lushoto. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja mjane, marehemu mumewe alikuwa mchimba makaa. Ukutani jikoni palikuwa na picha mbili: ya mumewe, na ya Brendan Foster iliyokatwa gazetini, imegeuka njano kwa mvuke wa birika. Foster alivunja rekodi ya dunia ya mita 3000 pale Gateshead, Agosti 1974, jirani kabisa na sisi, na bibi alikuwepo uwanjani. Kila akinimiminia chai lazima hadithi ianze upya. Mwezi wa tatu nilikuwa naijua mizunguko yote saba na nusu kama nimeikimbia mwenyewe.

Halafu 28 Juni 1981 ikaja Great North Run ya kwanza, ambayo Foster ndiye aliyeianzisha. Watu kama 12,000 kutoka Newcastle mpaka kwetu South Shields, maili 13 na kitu. Mike McLeod, mtoto wa hukohuko, ndiye aliyeshinda, lakini sikumwona, alishapita wakati bado najaza ndoo. Bibi alinipa kazi ya kusimama barabarani na ndoo ya maji na sponji. Walipita makarani, walimu, baba na mwanawe, mzee kavaa kofia ya sherehe. Bwana mmoja mnene, mwekundu kama kamba wa kuchemsha, alisimama mbele yangu akauliza: bado mbali? Mimi sikujua hata mwisho uko wapi. Nikamwambia, hapo tu, ukikata kona. Kumbe zilibaki maili mbili na ushee.

Haya, tiririkeni.

Kijana wa Magomeni

Shikamoo mzee Baharia. Mimi 1980 nilikuwa na miaka tisa, na uzoefu wangu wote ni wa redio ya marehemu baba, ile yenye kasha la ngozi. Olimpiki ya Moscow. Sisi Watanzania tulikwenda, jirani zetu Wakenya walisusia. Nakumbuka baba alivyokuwa ameinama kama anasikiliza mapigo ya mgonjwa, maana Filbert Bayi wetu alikuwa anakimbia na Waingereza Sebastian Coe na Steve Ovett kwenye mita 1500.

Mla Pweza

Hapo umechanganya, kijana. Moscow Bayi hakukimbia 1500. Alikimbia mita 3000 za kuruka viunzi na maji, akapata fedha nyuma ya Malinowski wa Poland. Suleiman Nyambui naye alipata fedha ya mita 5000 nyuma ya Miruts Yifter. Medali mbili, za kwanza kwa Tanzania kwenye Olimpiki. Coe na Ovett walikuwa na ugomvi wao pembeni.

Kijana wa Magomeni

Ahsante kwa kunisahihisha, miaka 40 si mchezo. Basi aliyekuwa anamkera baba atakuwa David Moorcroft. Sasa naikumbuka vizuri, ni ile michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. Bayi alikuwa bingwa mtetezi, alishinda Christchurch 1974 kwa rekodi ya dunia, akiongoza mwanzo mwisho. Edmonton akaongoza hivyohivyo, na Moorcroft akamnyatia akampita mwishoni kwa sehemu ndogo tu ya sekunde. Baba hakumsamehe. Mpaka anaingia kaburini, mtu akimzidi bei sokoni dakika ya mwisho alikuwa anasema "amenifanyia Moorcroft".

Kaptagat Ndogo

Nimecheka hapo kwa Moorcroft, kwa sababu hata kwetu Rift Valley huyo jamaa ana kesi. Henry Rono alikuwa ameweka rekodi ya mita 5000 mwaka 1981, dakika 13 na sekunde 6. Julai 1982 Moorcroft akaenda Oslo, akatoka mbele mapema, akakimbia peke yake kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, na akamaliza kwa 13:00.41. Karibu sekunde sita zimetolewa! Baba yangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, aliandika hiyo namba kwa ubao, akatuambia tuiangalie. Hakusema kingine. Tukaendelea na hesabu za kugawanya.

Lakini msisahau pia kwamba Wakenya walikuwa ndani ya hizo rekodi za Waingereza. Coe alipokimbia 800 kwa 1:41.73 kule Florence, Juni 1981, aliyemwekea kasi mzunguko wa kwanza ni kijana Billy Konchellah. Ilikaa miaka 16 hadi Wilson Kipketer alipokuja kuiondoa. Konchellah mwenyewe baadaye akawa bingwa wa dunia wa 800 mara mbili. Na ile maili ya Brussels, Agosti 1981, Coe 3:47.33, aliyemfuata ni Mike Boit.

Na Gateshead 1983, mbio za nyika za dunia, Some Muge akawa Mkenya wa kwanza kupata medali binafsi kwa wanaume wakubwa. Shaba tu. Lakini wazee wa kwetu wanaihesabu kama mlango uliofunguliwa.

Baharia wa Tyne

Kaptagat, umenigusa. Hiyo ya Muge nilikuwepo! Machi 1983, kando ya mto. Nilikuwa nimesimama na Wasomali wawili, mabaharia wa zamani wa South Shields, na tulikubaliana kushangilia mtu yeyote anayetoka upande wetu wa bahari. Bekele Debele wa Ethiopia, Carlos Lopes wa Ureno na Muge walikuja mwishoni wamebanana hata huwezi kuwatenganisha kwa shuka. Debele akachomoka. Kwa sekunde kumi hivi tulikuwa tunapiga kelele kwa Kiswahili, Kisomali na Kiingereza kibovu. Mwingereza nyuma yetu akatuuliza, nyie mnamshangilia nani hasa? Mmoja wa wale Wasomali akamjibu: wote weusi, na yule Mreno kama akikubali.

Dada wa Brighton

Mnamsahau Ovett makusudi. Mimi naishi Brighton mwaka wa 20 sasa, na hapa ukimtaja Coe mbele ya wazee wa umri fulani utanunua vinywaji vya watu wote. Mume wangu amekulia hapa. Anasema Ovett alikuwa mtoto wa wafanyabiashara wa sokoni, na watu wa sokoni walimwona wao. Hapendi waandishi, hataki maswali, lakini akishinda anapunga mkono kwa watazamaji kabla hata hajafika mstarini. Wakwe zangu mpaka leo wanaigiza ile ya Moscow, baada ya kuchukua dhahabu ya 800, anachora herufi hewani mbele ya kamera kumtumia salamu mchumba wake.

Na kile ninachokipenda kwenye hadithi ile: kila mmoja alishinda mbio za mwenzake. Ovett hakuwa amepoteza 1500 wala maili katika mbio 45, akaja kupata shaba. Coe ndiye aliyekuwa na rekodi ya dunia ya 800, akapata fedha. Kisha Agosti 1981 rekodi ya maili ikahama mara tatu ndani ya siku tisa. Coe, Ovett, Coe, kila mmoja mji wake, bila hata kukutana. Mume wangu anasema walikuwa wanasubiri taarifa ya habari ya usiku kama watu wanaosubiri matokeo ya uchaguzi.

Mla Pweza

Cram ndiye aliyewazika wote wawili. 1985: 1500 kule Nice kwa 3:29.67, mtu wa kwanza chini ya 3:30, Said Aouita wa Morocco yuko pembeni yake kwa sehemu nne za mia za sekunde. Siku 11 baadaye maili Oslo, 3:46.32, Coe akiwa wa tatu. Kisha 2000 Budapest. Rekodi tatu kwa siku 19. Sina la kuongeza.

Nesi wa Cumbria

Samahani naingia kwa kuchelewa, nimetoka zamu ya usiku. Nyie wote mnazungumzia uwanja, na mimi nimeletwa na kazi kwenye kona ya Uingereza ambako uwanja hawaujali. Huku mbio ni kupanda mlima na kushuka, kwenye mawe, majani yenye maji na kondoo wanaokutazama kwa dharau.

Mwaka wangu wa kwanza wodini, kila mgonjwa mwenye umri alikuwa na hadithi ya Joss Naylor. Mchunga kondoo wa bonde la Wasdale, mgongo wake ulikuwa mbovu tangu utotoni, alifanyiwa upasuaji. Mwaka 1975 alipita vilele 72 ndani ya saa 24. Nilidhani ni hadithi za sungura na fisi. Kumbe zina karatasi. Na alipofika miaka 70, mwaka 2006, akasherehekea kwa kupita vilele 70!

Sasa cha kwangu mwenyewe. Kuna njia ameiacha kwa ajili ya watu waliozidi miaka 50, maili 48, vilele 30, inaishia kwenye daraja dogo la Greendale, jirani na kwake. Dada mmoja tunayefanya naye kazi aliifanya, nami nikawa mbeba chakula: viazi vya kuchemsha vyenye chumvi, chai ya tangawizi na maandazi niliyokaanga usiku uliotangulia (maandazi ndiyo yaliyoisha kwanza, niwaambie ukweli). Tulimsubiri pale darajani jioni, mbu wamejaa. Mzee Naylor alikuwa amekaa ukutani na fimbo yake. Alikuwa na desturi ya kuja kuwapokea watu. Rafiki yangu alipotokea, magoti yanavuja damu, mzee aliinuka, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili, na mikono ile ilikuwa mikubwa, mikavu, kama ya babu yangu wa Njombe aliyekuwa mpasua mbao. Akamuuliza kuhusu hali ya ardhi kule juu. Hakuuliza muda.

Alifariki Juni 2024. Wodini siku hiyo palikuwa kimya.

Bwana Dira

Dada Nesi, Mungu akubariki. Mimi nilijaribu huo wazimu nikiwa mwanafunzi Manchester. Sitaitaja mbio yenyewe, maana waandaaji walikuwa watu wema na kosa lilikuwa langu. Sheria inataka ramani, dira, filimbi na koti la mvua. Nilikuwa navyo vyote. Nisichokuwa nacho ni ujuzi wa kuvitumia. Ukungu ulishuka kama mtu amefunga pazia, nikaona mgongo wa fulana ya njano mbele yangu nikaufuata kwa imani yote. Dakika 40. Tulipofika barabarani, yule bwana akageuka, akashangaa kuniona: hakuwa kwenye mbio. Alikuwa anarudi kwenye gari lake.

Siku hiyo ndipo nilipoelewa ukubwa wa wale watu wa miaka ya 80. Mzunguko wa Bob Graham ni vilele 42, unaanzia na kuishia Keswick, na mtu wa kawaida akiumaliza chini ya saa 24 anajipongeza maisha yake yote. Billy Bland, mwashi wa mawe wa Borrowdale, aliumaliza 1982 kwa saa 13 na dakika 53. Rekodi ilikaa miaka 36 hadi Kilian Jornet alipokuja 2018, na Bland alikuwa palepale Keswick kumpokea.

Halafu kuna Kenny Stuart, mtunza bustani. Kijana mwembamba, mwanzoni alikuwa anakimbia zile mbio za maonyesho ya vijijini zenye zawadi ya pesa kidogo, na kwa sababu ya hizo pauni chache sheria ikamwita mkimbiaji wa kulipwa, haruhusiwi kukimbia na wa ridhaa. Ilibidi aombe kurudishwa. Walipomrudisha, yeye na John Wild wa jeshi la anga wakafukuzana msimu mzima wa 1983, na Kenny akachukua ubingwa wa mbio za milima. Mwaka uliofuata akapanda na kushuka Ben Nevis, mita 1,345, kwa 1:25:34. Viatu vya siku hizi vina sahani za kaboni na majina marefu, na muda ule bado uko palepale. Siku hiyohiyo Pauline Haworth, mke wa Kenny, aliweka rekodi ya wanawake, nayo ilikaa mpaka 2018. Nyumba moja, mlima mmoja!

Kaptagat Ndogo

Mtunza bustani, mwashi, mchunga kondoo. Ongezeni Steve Jones wa Wales, fundi wa ndege jeshini. Chicago 1984 aliweka rekodi ya dunia ya maratoni, 2:08:05, na ndiyo ilikuwa ya kwanza kuimaliza maishani. Mwaka uliofuata akarudi hapohapo, hana saa mkononi, akamaliza 2:07:13. Rekodi ya Lopes wakati huo ilikuwa 2:07:12. Sekunde moja! Kila nikimsimulia mwanangu ananiuliza kwa nini hakuvaa saa, na sina jibu la kumpa.

Dada wa Brighton

Mzee Baharia, kabla uzi haujazama: yule bwana mnene wa 1981 alifika au alifia kwenye kona?

Baharia wa Tyne

Alifika. Nilijua Jumanne, bibi aliponituma samaki gatini. Nimesimama kwenye foleni, muuzaji akainua kichwa, bado mwekundu vilevile, akaniangalia kwa muda. "Wewe ndiye uliyesema ni hapo tu." Nikanunua kimya kimya. Nilipofika nyumbani bibi akafungua karatasi, akanusa, akaniuliza huyu samaki wa lini.