Ushauri: daftari na GPS vinapingana, nifuate kipi?

Kijana_Katuba: Wakubwa, usingizi umenikimbia. Kazi yangu ya kumaliza masomo ni kupima mwendo wa magari pale yanapotoka Lubumbashi kuelekea Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nina daftari nililohesabia magari kando ya peaje (kituo cha kulipia barabara), na nina GPS. Daftari linasema magari hujaa saa moja asubuhi, GPS inasema foleni ni saa kumi na moja alfajiri. Nifuate ipi?

Dereva_Mzee: Foleni tuulize sisi. Nimelala Kasumbalesa siku nne na shaba mgongoni, jiko chini ya trela, bukari (ugali) inaiva na mstari haujasogea.

Mama_Ruashi: Mwanangu, ungeanza mapema usingehangaika.

Fundi_Lami: GPS ya magari ya nani?

Kijana_Katuba: Ya magari tu.

Fundi_Lami: Mangapi?

Kijana_Katuba: Malori matatu ya mjomba. Lakini yanapita kila siku! Kasi ya magari mengine nilipima kwa saa ya mkononi, kati ya nguzo mbili za umeme. Nimejumlisha kasi hizo na za GPS, nikagawa kwa mbili. Direkta, mwalimu anayenisimamia, ameshapokea sura ya tatu, sioni kosa.

Fundi_Lami: Kosa lipo. Kule California wamefukia nyaya za kuhesabu magari ndani ya lami, na data hukusanywa kila sekunde 30. Waya mmoja peke yake unajua magari mangapi yamepita, kasi unaikisia kwa urefu wa gari, kwa hiyo malori yakizidi unadanganyika. Simu ni kinyume. Mwaka 2008 walizungusha magari 100 yenye simu za GPS kwenye barabara ya I-880: kasi unaipata, idadi ya magari yote huipati. Basi idadi ichukue daftarini, kasi kwenye GPS, na useme wazi kwamba ni ya malori. Halafu gari moja likienda 30 na jingine 60 kwenye kipande kilekile, kasi ya safari ni 40, si 45.

Bukari_Moto: Ngojeni. Nauza chai pale peaje. Saa kumi na moja alfajiri tuko mimi na mbwa. Foleni gani? Huyu hana GPS wala mjomba, katunga.

Mama_Ruashi: Nilihisi!

Kijana_Katuba: Nitunge ili iweje? Mstari wenyewe huu: 05:10:32Z, kasi 8.

Fundi_Lami: Hiyo Z ni saa ya Greenwich. Lubumbashi tuko mbele saa mbili.

Bukari_Moto: Kumbe saa moja na dakika kumi! Hapo hata vikombe sipati nafasi ya kuosha. Samahani, mdogo wangu.

Kijana_Katuba: Nimesogeza saa, vinalingana. Ila nakala tano zimeshachapwa na kushonwa. Nikisahihisha kwa kalamu wataona?

Dereva_Mzee: Mjomba anatafuta dereva?