Bi mkubwa anataka kuacha vidonge vya presha abaki na kitunguu saumu, naombeni ushauri

Kijana_wa_Kihonda
Wakuu, habari za jioni. Bi mkubwa wangu ana miaka 61, presha ya kupanda anayo muda mrefu. Kliniki wamemwandikia amlodipini 5 mg, anameza kila siku. Sasa jirani kamjaza maneno kwamba vidonge "vinazoesha mwili", bora ameze punje tatu za kitunguu saumu asubuhi kabla hajala kitu. Juzi kapimwa 128/82, ananiambia "si unaona, nimepona". Mwenye uelewa anisaidie, kesho anataka kuanza.

MzeeKibuyu
Hiyo 128/82 ni kazi ya kidonge, mkuu. Na amlodipini haitoki mwilini upesi. Akiacha leo, kesho na keshokutwa atapima vizuri tu, ataamini saumu imejibu. Presha inapanda baadaye wala hasikii kitu, mpaka mdomo uende upande.

Chuma_cha_Pua
Dawa za hospitali ni biashara. Babu yangu hakuwahi kumeza kidonge na alifika 90.

MzeeKibuyu
Babu yako alilima kwa jembe, wewe unapanda bodaboda kwenda kununua vocha. Na presha yake nani aliwahi kuipima?

Dada_wa_Famasi
Saumu si uongo, tusiitupe. Kwenye tafiti za watu wenye presha, namba ya juu ilishuka wastani wa kama 8, ya chini kama 5, na wengi wao walimeza vidonge vya saumu vyenye kipimo maalumu kwa wiki kadhaa. Kwa mtu wa 170 bado yuko pabaya. Kwa hiyo ale, ila juu ya dawa yake.

Halafu kumeza punje nzima ni kujipunja. Ile alisini inayotafutwa, yaani kemikali ya saumu yenyewe, inatengenezeka punje ikipondwa au ikikatwakatwa. Atwange, aache kama dakika 10, ndipo achanganye kwenye kachumbari, au aitie kwenye mchuzi ukishaepuliwa. Ukiitwanga na kuitupa papo hapo kwenye mafuta ya moto, unabaki na harufu nzuri tu. Tumbo tupu si lazima, na kama ana vidonda vya tumbo atakiona cha moto.

Swali: anatumia aspirini au warfarini, zile dawa za kuzuia damu kuganda? Saumu nyingi pamoja na hizo inaongeza hatari ya kutoka damu. Akiwa na operesheni mbele, lazima daktari ajue.

MamaWawili_Tanga
Mbona chumvi hamuigusi? Nyumbani kwetu saumu ilikuwa kila siku, na ng'onda (samaki mkavu wa chumvi) kila siku, na vidonge vya mchuzi viwili kwenye sufuria moja. Shirika la Afya Duniani linataka chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku, ni kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate na ya mchuzi. Mimi saumu naipendea hapo: ukiipiga na ndimu na tangawizi, mboga inalika kwa chumvi kidogo na hakuna anayenung'unika.

Kijana_wa_Kihonda
Shukrani wakuu. Aspirini ile ndogo anameza, nimeikuta kwenye mkoba wake. Jumanne namsindikiza kliniki, nitawauliza mbele yake maana mimi hanisikii. Vidonge kakubali kuendelea navyo mpaka siku hiyo. Ng'onda ndiyo sijui naanzia wapi, huyu mama kakulia Pangani.