Nimependekezwa kupanda cheo, lakini sina hakika kama ninakitaka

Muuliza swali

Salaam kwenu nyote. Mimi ni mhasibu mwenye umri wa miaka 38, na kwa miaka 11 nimefanya kazi katika idara moja. Wiki tatu zilizopita mkuu wangu aliniita, akanieleza kwamba anakaribia kustaafu na kwamba angependa kulipeleka jina langu ili nichukue nafasi yake. Mshahara utaongezeka, na hilo si jambo dogo kwa mama mwenye watoto wawili wanaosoma. Hata hivyo, tangu siku hiyo ninabeba uzito moyoni ambao nashindwa kumweleza hata mume wangu, kwa kuwa kila aliyesikia habari hii amenipongeza.

Kilichonifanya nianze kujiuliza ni jambo dogo. Mwezi uliopita, tulipokuwa tunafunga hesabu, kijana aliyeajiriwa karibuni alishinda asubuhi nzima akitafuta kwa nini daftari la fedha halilingani na taarifa ya benki. Tofauti ilikuwa 540. Nilimwambia aigawanye kwa 9, akapata 60 bila baki, ndipo nikamweleza kwamba tofauti inayogawanyika kwa 9 mara nyingi huashiria tarakimu mbili zilizopishana wakati wa kuandika. Haikuchukua muda akaiona: mtu alikuwa ameandika 8,170 mahali pa 8,710. Alicheka kwa sauti, kisha akaniuliza kwa nini iwe 9 na si namba nyingine, tukakaa na karatasi na kalamu mpaka akaelewa. Jioni nikiwa njiani kurudi nyumbani nilitambua kwamba katika mwezi mzima, ile nusu saa ndiyo pekee ambayo sikutazama saa.

Katika kazi ya mkuu wangu sizioni nusu saa za namna ile. Je, nikikataa nitakuwa nimejifungia mlango? Na mtu huanzaje kuisimamia mwenyewe safari yake ya kazi, ikiwa miaka yote amesubiri wakubwa wamwambie hatua inayofuata?

Mstaafu

Mwanangu, swali lako limenigusa kwa sababu mimi nilijiuliza baada ya kukubali, si kabla. Nilikuwa mchoraji wa ramani za majengo, na nilipopewa ukuu wa kitengo niliuliza mambo mawili tu: mshahara ni kiasi gani, na nitaanza lini. Wiki ya kwanza meza yangu ya kuchorea ilihamishiwa kwa mtu mwingine. Kuanzia hapo siku zangu zilikuwa za vikao, kuidhinisha likizo, na kusuluhisha watu wawili waliokuwa hawasemezani. Hakuna kazi kati ya hizo iliyo duni, na wapo wanaozifanya kwa ustadi na kwa furaha, lakini mimi sikuwa mmoja wao, na waliokuwa chini yangu ndio walioumia zaidi.

Mwalimu na mwandishi Laurence Peter aliandika mwaka 1969 kwamba katika taasisi zenye ngazi, mtu hupandishwa kwa sababu anaiweza kazi aliyonayo, hivyo huendelea kupanda mpaka afike kwenye kazi asiyoiweza, na hapo ndipo hubaki. Nilipolisoma hilo nilijiona. Baada ya miaka miwili niliomba kurudi kwenye uchoraji kwa mshahara mdogo zaidi. Baadhi ya wenzangu walidhani nimeadhibiwa, na ilinichukua muda kuzoea macho yao.

Ushauri wangu ni mmoja. Mwombe mkuu wako ukae naye siku mbili za kawaida kabisa, siku zisizo na ugeni wala ukaguzi, uone anafanya nini kuanzia anapoingia mpaka anapotoka. Cheo kina jina zuri mlangoni, lakini utakachoishi nacho ni zile saa nane za ndani.

Afisa rasilimali watu

Ndugu muuliza swali, namuunga mkono mzee aliyetangulia, na ningependa kuongeza jambo ambalo wengi wanaofika ofisini kwangu hawalitenganishi. Mwaka 1959 mwanasaikolojia Frederick Herzberg na wenzake walichapisha matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu wapatao 200, yaani watu wa fani yako, ambao waliombwa wakumbuke nyakati walipoifurahia kazi kupita kawaida na nyakati walipoichukia. Nyakati za furaha zilihusu zaidi kazi yenyewe: kukamilisha jambo gumu, kutambuliwa, kukabidhiwa wajibu. Nyakati za chuki zilihusu zaidi mazingira yake, kama vile taratibu za ofisi, usimamizi mbaya na malipo. Utafiti huo umekosolewa, na kwa haki, kwa sababu binadamu huelekea kujisifu mambo yanapokwenda vizuri na kulaumu mazingira yanapoharibika. Hata hivyo, swali linalotokana nao bado lina manufaa: je, cheo hiki kitaongeza kinachokupa furaha, au kitapunguza tu kinachokukera? Nyongeza ya mshahara inaweza kukuondolea hofu ya ada na isikupe hata nusu saa moja kama ile uliyoisimulia.

Kuhusu kuisimamia safari yako mwenyewe, anza na daftari. Kwa siku 10 za kazi andika kila jioni kazi ulizofanya, muda uliotumia, na hali iliyokuacha nayo kila moja. Usiandike unachodhani unapaswa kukipenda. Watu wengi hugundua kwamba wanachokichukia ni kazi mbili au tatu tu, wala si fani nzima, na ugunduzi huo hubadilisha uamuzi wote.

Kisha zingatia kwamba mipaka ya kazi si ukuta. Watafiti Amy Wrzesniewski na Jane Dutton waliandika mwaka 2001 kuhusu watu wanaoifinyanga upya kazi waliyonayo bila kubadilisha cheo, na miongoni mwa mifano yao walikuwemo wasafishaji wa hospitali. Wapo waliojiona kuwa wanafuta sakafu tu. Wapo pia waliojiona kuwa sehemu ya uponyaji, wakazungumza na wagonjwa na kupanga usafi wao ulingane na hali ya wodi. Waajiri wao hawakuwa wameagiza hayo. Nawe tayari umeanza, ila unafanya kwa kuiba muda. Lifanye kuwa jambo rasmi: andika pendekezo la ukurasa mmoja ukiomba mafunzo ya waajiriwa wapya yawe sehemu ya majukumu yako, ueleze ni kosa gani mafunzo hayo yatapunguza na litapimwaje. Unapokataa kitu huku unapendekeza kingine chenye faida kwa taasisi, ni vigumu kuonekana mvivu au mwoga.

Mama wa wanne

Naomba niseme kwa ufupi kitu ambacho naona kimepitwa haraka. Si lazima kazi ikupe kila kitu. Mimi nilikubali cheo nisichokipenda kwa miaka minne kwa sababu kilisomesha wanangu, na wala sijutii, kwa kuwa nilijua kwa nini nipo pale na nilijiwekea mwaka wa kuondoka. Kama fedha inahitajika nyumbani, hiyo ni sababu ya heshima. Kaa na mumeo, pigeni hesabu mjue pengo ni kiasi gani hasa, kwa maana hofu isiyo na tarakimu huwa kubwa kuliko pengo lenyewe.

Mkufunzi

Mimi niliacha uhasibu nikaenda kuufundisha chuoni, basi nitasema upande huo. Usiruke kabla ya kujaribu. Mimi nilifundisha jioni mbili kwa wiki kwa muhula mzima kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi, na humo ndimo nilimojua kwamba napenda kusahihisha pia, si kusimama mbele ya watu tu. Nafasi ile nilielekezwa na mtu niliyesoma naye zamani, ambaye tulikuwa hatujaonana kwa miaka. Mwanasosholojia Mark Granovetter alilieleza hilo mwaka 1973: kati ya watu aliowahoji ambao walipata kazi kupitia mtu wanayemfahamu, takriban 17 tu katika kila 100 ndio waliokuwa wakionana naye mara kwa mara. Rafiki zako wa karibu wanajua yale yale unayoyajua wewe. Waandikie wale wa mbali.

Muuliza swali

Nawashukuru sana, na shikamoo mzee. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kwanza kuyafanya mliyosema. Daftari limejaa siku 10. Nilidhani nimeichoka fani yangu, kumbe kinachonichosha ni kufukuzia saini na viambatisho ambavyo idara nyingine hazileti kwa wakati. Kulinganisha hesabu bado nakupenda. Nimekaa pia na mkuu wangu siku mbili. Siku ya pili alianza kumwelekeza mfanyakazi mmoja kuhusu uchakavu wa mali, akakatizwa na simu mara tano ndani ya dakika 20, mwisho akamwambia arudi kesho. Nilimwona usoni kwamba naye ilimuuma.

Mume wangu nami tumepiga hesabu. Pengo lipo, ila ni dogo kuliko nilivyoogopa. Nimeamua kuomba kazi ya mafunzo badala ya ukuu wa idara, na kikao ni Alhamisi. Nina swali moja kwa afisa: katika pendekezo nitaje idadi ya saa, au niwaachie wao waamue?

Afisa rasilimali watu

Taja. Andika saa 6 kwa wiki, siku gani, na nani atashika kazi zako kwa saa hizo. Ongeza pia tarehe ya kukutana tena baada ya miezi 3, na siku hiyo nenda na orodha ya makosa ya kufunga hesabu, kabla na baada ya mafunzo.

Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Alhamisi usiache daftari lako nyumbani.